Skrubu Mbili Tu

Kadi ya gari letu ina jina la mume wangu, lakini anayelijaza mafuta ni mimi, maana ndilo linalopeleka keki na vitumbua vyangu kwa wateja wa Mwenge na Sinza. Ndiyo sababu nilikuwa wa kwanza kugundua kwamba pana jambo. Mtu ambaye kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anasubiri EWURA watangaze bei mpya za petroli hahitaji fundi wa kumwambia kwamba gari limeanza kubugia.

Ni Toyota IST, injini ya cc 1500, gari ambalo Dar es Salaam nzima inalijua. Lilikuja nchini likiwa limeshatumika Japani, nasi tukalinunua kwa mtu ambaye naye alilinunua kwa mtu. Kwa muda mrefu halikuwa na neno. Halafu likaanza vituko. Asubuhi linawaka na kuzima. Ukiwasha kiyoyozi linatetemeka mpaka vioo vinalia. Kwenye taa za barabarani linakata roho huku daladala nyuma yako imelalia honi. Na vilima vya Goba, ambavyo lilizoea kuvipanda na watu watano na ndoo zangu za keki, sasa likawa linavipanda kwa dua. Nilipopitisha kidole ndani ya bomba la moshi, kilitoka cheusi ti.

Utauliza, na taa ya cheki injini je? Ilishawaka zamani. Fundi mmoja aliiziba kwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakikata vizuri, mraba kabisa, kikaenea. Alisema inamsumbua dereva macho. Na pesa ya kazi akachukua.

Nyumbani kwetu kila mtu ni daktari wa magari, kwa hiyo tukaitisha kikao. Mume wangu, nitamwita Baba Watoto kwa kuwa ndivyo ninavyomwita, alisema ni plagi. Zikanunuliwa plagi nne. Shemeji yangu, mdogo wake, alisema ni koili. Injini ile ina koili nne, moja juu ya kila plagi, naye akanunua mbili za mtumba "za kuanzia". Mama mkwe, ambaye hajawahi kushika usukani ila ana masikio mazuri, alisema mafuta yamechakachuliwa, tuhame sheli. Tukahama sheli. Baadaye ikanong'onwa pampu, na pampu ikanunuliwa kwa pesa yangu ya kikoba, iliyokuwa na kazi yake nyingine kabisa.

Hapa niseme ninaloliamini. Watu wengi huwalaumu mafundi kwa kubadilisha vitu ovyo, lakini wateja ndio tunaowafundisha hivyo. Koili ya laki moja tunailipia kwa moyo mweupe kwa sababu tunaishika mkononi, tunaiona inang'aa. Fundi akisema anataka elfu ishirini ya kulipima gari kwanza, tunamwona tapeli: kwani amefanya nini, si ameangalia tu? Basi naye anaacha kuangalia, anauza koili.

Aliyetufumbua macho ni kijana mmoja wa gereji ya chini ya mwarobaini. Alifungua boneti injini ikiwa inanguruma na kutetemeka, akasikiliza kidogo, akachomoa soketi moja ndogo yenye nyaya tano ubavuni mwa boksi la filta ya hewa. Gari likatulia. Sisi tukatazamana. Kwa akili zetu, ukichomoa kitu gari huharibika, haliponi.

"Eaflo imekufa," akasema. "Sensa ya hewa hiyo. Inadanganya. Tafuteni nyingine, niwafungie."

Baba Watoto akauliza imefungwa na nini. Kijana akamwonyesha: skrubu mbili. Nikaona uso wa mume wangu unabadilika, nikajua kijana wa watu amekwishapoteza kazi.

"Skrubu mbili tu, Mama Watoto!" alinambia njia nzima mpaka nyumbani. "Skrubu mbili tu, alipwe mtu?"

Kwa haki yake, kazi ya kile kidude haina uchawi. Petroli haiungui peke yake: kilo moja inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, na kompyuta ya gari lazima ijue hewa iliyoingia ni kiasi gani ndipo iamue mafuta ya kumwaga. Ni kama kusonga ugali: anayepima maji akikudanganya, wewe wa unga utatoa uji au jiwe, na lawama itakuwa yako. Anayepima hapa ni sensa. Ndani yake kuna waya mwembamba wa platini unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme zaidi unahitajika kuurudisha kwenye joto lake. Kiasi cha umeme huo ndicho kinachoiambia kompyuta hewa imepita kiasi gani. Injini kama yetu, gari likiwa limesimama tu linanguruma, huvuta gramu mbili hivi za hewa kila sekunde. Waya ukishapakwa vumbi na mafuta, hesabu inaharibika. Soketi ikichomolewa, kompyuta inaacha kuuliza, inakadiria yenyewe, kwa kuangalia injini inazunguka kwa kasi gani na mguu umekanyaga kiasi gani. Ndiyo maana gari lilitulia. Makadirio yalikuwa na nafuu kuliko uongo.

Jumapili ikafika. Baba Watoto alivaa ovaroli ambalo sijui lilitoka wapi, akatandika kanga yangu kuukuu juu ya bampa, akapanga vifaa. Shemeji naye akaja, hakukaribishwa na mtu. Mama mkwe akatolewa kiti uani, na tasbihi yake, apate kuona.

"Wanatengeneza nini?" akaniuliza.

"Sensa, Mama."

"Sensa si ilipita mwaka 2022? Wanahesabu nini tena?"

"Hewa, Mama."

Akatikisa kichwa. "Serikali hii."

Skrubu ya kwanza ilitoka kwa amani. Ya pili ikala kichwa. Skrubu za Kijapani zina msalaba wa aina yake, hauendani barabara na bisibisi ya nyota tunayouziwa mitaani. Ukikaza mkono, bisibisi inapanda juu na kusaga kingo. Baba Watoto alisaga mpaka msalaba ukawa shimo la mviringo. Akajaribu kuweka kipande cha mpira wa puto kati ya bisibisi na skrubu. Akajaribu plaizi. Akaingia jikoni bila kubisha hodi akatoka na kisu changu cha vitunguu, na nilipomuuliza anakipeleka wapi akanijibu kwa sauti ya mtu aliye chumba cha upasuaji: "Usinisemeshe sasa hivi."

Kisu kilikatika ncha. Skrubu ilitoka baadaye kwa plaizi ya kung'ata aliyoazima jirani, ikiwa imeng'atwa shingoni hadi inatia huruma.

Sensa ikawa nje. Nilipoichungulia nilishangaa udogo wake: kidude cheusi cha plastiki, kinaenea kiganjani, chenye kidirisha ambacho ndani yake unaona vijiti viwili vyembamba mno. Na juu ya shingo yake palikuwa na pete nyeusi ya mpira, ambayo Baba Watoto aliivua akaiweka kwenye sahani ya skrubu. Naomba uikumbuke pete hiyo.

Mume wangu alitaka kwenda kununua nyingine. Shemeji akasema, kununua ya nini? Isafishwe. Kwenye hilo hakukosea kabisa, maana sensa nyingi zinazosingiziwa kifo ni chafu tu. Ipo dawa yake ya kopo, ya kupuliza, inayokauka bila kuacha mafuta; unapuliza kutoka mbali kidogo, unaiacha ikauke, unafunga. Hugusi kitu. Mdogo wake Baba Watoto hakuwa na dawa ya kopo. Alikuwa na kikombe cha petroli na mswaki.

"Taratibu," kaka yake akamwambia.

"Kaka, mimi nasafisha hizi kila siku."

Siku zipi, hakuna anayejua. Shemeji yangu anauza vifuniko vya simu. Alichovya mswaki, akauingiza kwenye kidirisha, akasugua kama anayetoa ukoko wa wali. Tulisikia kitu kidogo sana, tik. Akautoa mswaki, akautazama, akaupuliza. Katikati ya nywele za mswaki pamenasa kijiti kimoja.

"Kilikuwa kimeshakufa hiki," akasema.

Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye tasbihi: "Sasa kimezikwa."

Kesho yake Baba Watoto alikwenda Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya spea, akarudi na boksi jipya lenye jina kubwa la Kijapani, herufi zimechapwa vizuri, na stika ya kung'aa. Bei yake ilikuwa nzuri mno. Mimi nanunua vanila kwa jumla. Najua bei nzuri mno ina maana gani. Lakini niliambiwa nisimsemeshe, nikanyamaza.

Alifunga sensa mpya kwa skrubu moja nzima na nyingine aliyoiokota kwenye kopo la misumari. Akawasha. Gari lilikohoa, likatoa moshi, likazima. Akawasha tena. Likazima. Shemeji akatoa hukumu kwamba basi tatizo halikuwa sensa, ni kompyuta nzima, na yeye ana mtu anayeuza kompyuta.

Kabla ya kufika huko kwa mtu wake, alileta kifaa cha kupimia kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu. Soketi yake ipo, ina matundu 16, kifaa kikaingia. Simu ikatafuta, ikatafuta, ikasema haioni gari. Shemeji akakipigapiga kifaa kwenye paja. Ukweli ni kwamba magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana soketi ileile lakini hayazungumzi lugha moja na vifaa hivi vya bei poa. Watu wengi hukitupa kifaa, wengine hulitukana gari.

Aliyetuokoa ni mzee wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu wa umeme wa magari, ambaye siku zote hizi alikuwa akitusikia kupitia ukuta na kusubiri aitwe. Nilikwenda kumwita mimi. Alikuja na kandambili zake na kipande cha waya kifupi kilichochunwa ncha zote mbili.

"Kwanza," akamwambia mume wangu, "toa hiyo tepu."

Tepu ikabanduliwa. Mzee akainama chini ya usukani, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, akaunganisha la 4 na la 13 kwa waya wake. Alitufokea tusijaribu wenyewe, maana tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na ukikosea unaunguza fyuzi au zaidi ya fyuzi. Kisha akageuza ufunguo bila kuwasha injini, akajitenga pembeni.

Taa ya cheki injini, iliyokuwa gizani chini ya tepu tangu enzi za yule fundi, ikaanza kupepesa. Mara mbili. Ikapumzika. Mara nne. Ikapumzika zaidi. Mara tatu. Ikapumzika. Mara moja. Kisha ikarudia yote toka mwanzo.

Baba Watoto akahesabu tano. Shemeji akahesabu kumi. Mama mkwe, ambaye tulikuwa tumemsogezea kiti mlangoni mwa gari, alikuwa akisukuma punje ya tasbihi kwa kila mwako.

"Mbili, nne," akasema. "Halafu tatu, moja. Rudieni muone."

Ikarudia, ikawa kama alivyosema. Mzee akacheka mpaka akashika boneti. Ishirini na nne, akatueleza, ni joto la hewa inayoingia. Thelathini na moja ni kiasi cha hewa. Vyote viwili hupimwa na kidude hichohicho, ndiyo maana kina nyaya tano. Hiyo 24 huenda ni kumbukumbu tu ya wakati tulipochomoa soketi injini inanguruma. Akachomoa fyuzi ya EFI ili kompyuta isahau, akasubiri, akairudisha, akawasha. Gari likakohoa na kuzima kama kawaida. Akaunganisha waya wake tena. Safari hii ikapepesa tatu, moja. Tatu, moja. Basi.

"Hiyo mpya yenu," akasema, "ni boksi tu ndiyo nzima."

Gari lile lilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Tulinunua plagi, koili na pampu, tukahama sheli, na muda wote jibu lilikuwa chini ya kipande cha tepu.

Kwenda kununua nyingine nikaenda mimi, mzee pembeni, soketi ya sensa imechomolewa ili gari litembee kwa makadirio. Kariakoo waliposikia sensa inarudi walinionyesha bango ukutani kabla sijamaliza salamu: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Sikubishana. Nikaenda Ilala, Shaurimoyo, kwa wauza mitumba wanaochomoa spea kwenye magari yaliyokatwakatwa. Watu wa Dar husema bora mtumba wa Japani kuliko mpya asiyejulikana baba yake, na kwa kitu kama sensa nakubaliana nao, kwa sharti moja: nilimwambia muuzaji kwamba gari liko hapo nje na mzee yumo ndani na waya wake, tunafunga kwanza, likitulia nalipa. Akanitazama, akamtazama mzee, akashusha bei hata kabla ya kufunga. Sensa ya kwanza ilitoa tatu, moja. Ya pili haikutoa namba yoyote. Nikalipa.

Sasa ungetarajia tumemaliza. Tulifika nyumbani, mzee akasema tuliache lingurume kidogo. Likawa linapanda na kushuka lenyewe, vuuu, vuuu, hakuna aliyekanyaga. Taa haijawaka. Shemeji akafungua mdomo. Mama yake akamtazama, akaufunga. Mzee akaweka kiganja karibu na shingo ya sensa, akasikiliza.

"Inavuta hewa pembeni. Hewa inaingia bila kuhesabiwa. Mpira wake uko wapi?"

Sensa ya mtumba ilikuja bila pete. Ile ya zamani, ambayo nilikuomba uikumbuke, haikuwa kwenye sahani. Tulitafuta chini ya gari, kwenye ndoo, kwenye mifuko ya ovaroli. Baba Watoto akamshuku mdogo wake, mdogo wake akamshuku kuku. Mwisho binti yetu mdogo, aliyekuwa amekaa barazani akitazama watu wazima wanavyotambaa, akauliza tunatafuta nini. Tukamwambia. Akaenda ndani akarudi na mwanasesere wake. Pete ilikuwa mkononi mwa mwanasesere, juu ya kiwiko, imekaa vizuri kabisa.

Hakuitoa bure. Alidai bangili mbadala, naye Baba Watoto, ambaye alikuwa amekataa kumlipa kijana wa gereji, akatoa pesa ya bangili bila kuomba punguzo. Pete ikavikwa shingoni mwa sensa, skrubu zikakazwa, na safari hii injini ikashika sauti moja na kukaa hapohapo.

Mzee hakutaka pesa. Alitaka keki, naye alipata. Ila kabla hajaondoka alifungua boksi la filta, akanionyesha karatasi yake: imechanika kwenye kunjo, upande mmoja mzima. Vijana wa kuosha magari walikuwa wakiipuliza kwa kompresa kila wiki, wakidhani wanaisafisha, wakaitoboa. Vumbi la barabara yetu likawa linapita na kwenda kulala kwenye waya wa sensa. Filta mpya ndiyo ilikuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote tulivyonunua. Kijana wa chini ya mwarobaini nilimpelekea pesa yake ya kupima, elfu ishirini, kwa mkono wangu. Alidhani nimekosea mtu.

Gari sasa linapanda Goba na ndoo zangu bila dua, na matumizi ya mafuta yamerudi yalikokuwa. Kisu cha vitunguu kimenunuliwa kingine, mswaki umetupwa. Ile sensa mpya ya Gerezani bado iko kwenye droo ya vyombo, ndani ya boksi lake zuri lenye stika. Shemeji anasema atamtafutia mteja. Nimemkataza. Lakini kama wewe msomaji unafundisha ufundi wa magari na unahitaji kuwaonyesha wanafunzi sensa ya bandia inafananaje, njoo uichukue bure. Njoo na mfuko wako.